Kamera Iliyokuwa Ikihama Siku ya Sabato

Kemunto binti yangu,

Shangazi yako Bosibori amelifungua sanduku lako na kulifunga tena mpaka kufuli imechoka, na kesho asubuhi atalifungua tena kuona kama mafuta ya kupaka yamemwagikia nguo. Kwa hiyo mambo ya blanketi, ya dawa ya tumbo na ya kutozungumza na watu usiowajua mimi siyagusi. Ameshayasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi Daraja Mbili.

Mimi nina langu moja, nalo si zuri. Wiki hii yote nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Jana baada ya kanisa, tulipokuwa tukiteremka kilima cha Nyanchwa, nilikohoa vizuri nikajiandaa, halafu nikakuambia kwamba kisigino cha kiatu chako kinaisha. Uliniangalia kama mtu aliyengoja mvua akapata upepo. Ndiyo sababu naandika. Na ninaandika Kiswahili kwa kuwa Kigusii kwangu ni cha kusema. Nikikiweka kwenye karatasi naona kama mama yako ndiye anayesoma, na kalamu inakataa.

Nianze na kamera, maana unaijua. Kila likizo umekuwa pale kazini kwangu, kwenye duka la kuchapa la Bwana Harilal, na mikono yako imeizoea kuliko yangu. Si kamera ya kuning'iniza shingoni, ni lile dubwana la chuma lililolala chumba kizima: reli mbili ndefu, ubao wa kubandikia kazi upande mmoja, lenzi katikati, filamu upande wa chumba cha giza. Na kazi yake ni kuweka kipimo, kipimo kikae. Ukitaka picha ya mwalimu mkuu ipungue nusu, unasogeza ubao na lenzi mpaka mshale usome nusu, unakaza breki, unawasha taa. Kipimo kikihama kidogo tu huku taa zinawaka, mwalimu mkuu anatoka na pua mbili.

Unajua pia sheria yangu. Ijumaa tunafuta na kupaka mafuta kila chuma, lakini breki haiguswi na mafuta. Breki inapanguswa kwa kitambaa kikavu na kunyunyiziwa vumbi la chaki. Uliniuliza mara moja kwa nini, nami nikakujibu, "Kwa sababu nimesema." Lilikuwa jibu la mtu anayejificha. Unakwenda Nairobi kujifunza kazi hii kwa mafundi wakubwa, na sitaki uende na sheria yangu bila kujua ilitoka wapi na nani aliumia.

Kamera ile haikuja mpya. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, Bwana Harilal alichoka kupeleka kazi zake za picha Nairobi na kungoja zirudi wakati harusi imeshapita. Akasikia kuna kiwanda cha chapa huko kinachouza kamera yake kuukuu. Akanituma mimi nikaikague, na mimi, ambaye kamera ya namna hiyo nilikuwa nimeiona kitabuni tu, nilikwenda nimevaa tai. Niligonga chuma hapa na pale kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nikarudi nikasema, "Ni nzima, mzee. Nunua." Sikumwambia kwamba hata sikuomba waiwashe.

Ilifika na lori, imejaa vumbi jeupe kila mahali, hata kwenye breki. Mimi niliona uchafu. Wewe unatujua sisi Wasabato na Ijumaa yetu. Kabla jua halijazama nyumba imefagiliwa, kuni zimepasuliwa, viatu vimeng'arishwa, chakula cha kesho kimepikwa. Nililelewa hivyo, na niliipeleka Ijumaa yangu mpaka kazini. Kila siku ya maandalio niliisugua kamera ile, nikaipaka mafuta ya mashine kuanzia kichwani hadi miguuni, na breki nikaipaka zaidi kwa kuwa ndiyo niliyoitegemea. Kisha nilifunga kipimo cha kazi inayofuata, nikatoka nikaenda kuoga. Nilijiona nimemheshimu Mungu kwa chuma kinachong'aa.

Mjomba wako Makori alinicheka sana. Ndiye kaka wa mama yako, na mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa Bwana Harilal. Yeye alikuwa wa mashine ya kukata karatasi na ile ya kuchapa kadi kwa mguu. Alikuwa Mkatoliki kama wote wa kwao kule Nyamira, na kama mama yako kabla sijamwoa na kumleta upande wetu. Alikuwa mtu wa mzaha ambaye hata akikutania ulitamani akutanie tena. Alisimama mlangoni Ijumaa akaniambia, "Shemeji, unaosha hiyo kamera kama ng'ombe ya mahari. Ukimaliza tutapelekea nani?"

Nami nilicheka. Nakuapia, miezi ya kwanza nilicheka.

Sasa sikiliza jinsi kazi zilivyopangwa, maana hapo ndipo niliponaswa. Jumamosi mimi nilikuwa kanisani. Makori alikuwa kazini, peke yake kule nyuma, na Bwana Harilal mbele dukani. Jumapili duka lilifungwa, na mimi nilipewa ufunguo niingie kufidia siku yangu. Kwa hiyo kila Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuigusa kamera, na kila Jumapili mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Katikati alikuwapo mtu mmoja tu.

Na kila Jumapili nilikuta kipimo kimehama.

Mwanzoni kilihama kidogo. Nikafikiri nilikosea kusoma. Nikarekebisha, nikakaza, nikapiga, filamu ikatoka na ukungu pembeni. Wiki iliyofuata, vilevile. Jumatatu nayo ilisumbua, Jumanne kidogo, halafu kuanzia Jumatano kamera ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Ijumaa nikaipaka mafuta, nikaweka kipimo. Jumapili kimehama. Nilibadilisha uzi wa mshale. Nilifungua kila skrubu nikaifunga upya. Nilichonga kabari ya mti nikaichomeka chini ya gari la lenzi, kile kiti cha chuma kinachoibeba juu ya reli. Tulikuwa na kalenda ya shule fulani iliyokuwa na picha ya kwaya, na wanakwaya wote walitoka kama wametetemeka kwa baridi. Bwana Harilal aliishika ile karatasi dirishani, akaniuliza, "Hii watu naimba ama nalia?"

Hapo ningesema, "Mzee, sijui. Pengine mashine ina kasoro ambayo sikuiona nilipoikagua." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini tai ile ya Nairobi ilikuwa bado inanibana shingo. Mashine niliyoisifu haikuweza kuwa mbovu, na fundi aliyeisifu hakuweza kuwa mjinga, kwa hiyo ilibidi awepo mtu. Na mtu alikuwapo, tena wa Jumamosi.

Nikuambie kweli jinsi roho yangu ilivyokuwa, kwa sababu naweza kukudanganya kwamba nilichanganyikiwa tu. Nilifurahi kidogo. Kuna sehemu yangu iliyoona inafaa kabisa kwamba kipimo kiharibike siku ya Sabato, mkononi mwa mtu asiyeishika. Nilianza kumwona Makori kwa jicho jingine. Mzaha wake ukawa dharau. Akiimba nyimbo za misa huku anakanyaga mashine, nilisikia ananiimbia mimi. Ijumaa moja nilichora mstari mwembamba wa penseli kwenye reli, pale gari la lenzi lilipokomea, nikamwomba Mungu anionyeshe. Jumapili gari lilikuwa limeupita mstari. Nikafanya ule mstari kuwa shahidi, ingawa ulinionyesha tu kwamba gari limesogea.

Jumatatu nikaenda kwa Bwana Harilal. Nilisema Makori anachezea kamera nikiwa kanisani. Mzee yule alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kuonea. Aliweka kalamu chini.

"Hapana leta mimi maneno ya kanisa. Wewe naona yeye nagusa? Kwa macho?"

Kemunto, hapo ndipo. Si kwenye mafuta. Mafuta yalikuwa kosa la mtu asiyejua, na makosa ya namna hiyo utayafanya mengi, usiyalilie sana. Hapo nilijua. Jumamosi zote nilikuwa Nyanchwa nimeketi kwenye benchi la kanisa, ningeona nini? Nikasema, "Ndiyo mzee. Nimeona."

Akamwita Makori. Akaja akipangusa mikono kwa aproni, bado anatabasamu, alifikiri anaitiwa kazi. Bwana Harilal akamwambia. Tabasamu lile lilichelewa kuondoka usoni, na ninaliona mpaka leo.

Akanigeukia. "Shemeji. Mimi umeniona?"

"Nimekuona."

Unajua heshima yetu ilivyo kati ya mtu na shemeji yake. Hamgombani mbele ya watu, wala humwiti mwongo mtu aliyemwoa dada yako. Ile heshima ilimziba Makori kinywa, na mimi, mwanangu, nilikuwa nimeitegemea. Kama angekuwa mtu baki angenirukia na mzee angeuliza zaidi. Nilijua hatasema. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama inaenda kabatini, akaiweka juu ya mashine ya kukata, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama yako alikataa kuamini. Alinifuata kwenye migomba nilipokuwa nakata majani ya kufunikia ndizi, akasimama mbele yangu.

"Makori hawezi. Mtu huyo akivunja kikombe anakuja kukuonyesha vipande."

"Nimemwona."

"Wewe mwenyewe? Si kuambiwa?"

"Mimi mwenyewe."

Alikuwa ameolewa kwa watu ambao Jumamosi hata chai hawachemshi, na alijua kwamba mume wake hasemi uongo. Hilo ndilo lililomshinda. Angekuwa na mume mlevi, angemwamini kaka yake. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Makori. Kwao akaacha kwenda, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Uliuliza siku moja kwa nini watoto wengine hulala kwa wajomba zao wakati wa likizo na wewe hulali, naye akakuambia mjomba wako ni mtu wa kuharibu vitu vya watu. Nilikuwa nimeketi pale pale nikinywa uji. Niliumaliza.

Kamera nayo haikupona. Ungefikiri kwamba mkosaji akishafukuzwa kosa litakwisha, lakini Jumapili iliyofuata kipimo kilikuwa kimehama. Na sasa hapakuwa na mtu wa kumsingizia. Nikawa mwizi wa saa za alfajiri: ninafika mapema kabla ya wengine, narekebisha, natupa filamu mbovu kwenye choo cha shimo. Bwana Harilal aliona kazi safi akasema mashine imepata dawa. Nilikubali sifa hiyo kwa kichwa.

Halafu Agosti tukaenda makambi, ile mikutano ya kanisa letu ya kulala hemani. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka hema tu na jinsi ulivyomwagia mchungaji uji. Tuliondoka Alhamisi ili tukajenge hema, kwa hiyo Ijumaa ile sikupaka mafuta, wala Ijumaa iliyofuata, maana tulikuwa bado huko. Niliporudi kazini niliingia nikiwa na kitambaa mkononi tayari kwa fujo. Mshale ulikuwa pale pale nilipouacha. Mashine za chumba cha pili zilikuwa zimekanyagwa siku hizo zote na mtu mwingine, jengo likitikisika kama kawaida, na kipimo hakijasogea hata unywele.

Nilivuta kigoda nikakaa. Nikaleta karai la maji nikaliweka juu ya reli. Maji yakajaa upande wa mtoni na kupungua upande wa barabara. Mji wetu wote uko kwenye mteremko, na sakafu ile imelalia bonde kama kila kitu Kisii. Nikafungua breki. Ndani mna kipande cha ngozi kinachobana reli, na ngozi ile ilikuwa nyeusi, imelowa, inateleza kidoleni kama kambare. Kila Ijumaa nililowesha kitu ambacho kazi yake ni kushika. Kila Jumamosi gari la lenzi lilijiteremkia lenyewe, taratibu, huku mimi ninaimba kanisani. Na kila Jumatano, kwa kukaza na kulegeza breki, nilikuwa nimeshayakamua mafuta, likashika. Lile vumbi jeupe la Nairobi nililolisugua kwa bidii lilikuwa chaki. Waliotutangulia walikuwa wameiweka makusudi.

Niliikausha ngozi kwa jivu, nikaipaka chaki, nikaifunga. Haijahama tena mpaka leo.

Siku ile ningekwenda Nyamira. Barabara ilikuwapo. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Nilijiambia Makori ameshazoea chai ya shamba la baba yake, nitamvurugia. Nilijiambia Bwana Harilal atanifukuza na wewe ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza. Hizo zote zilikuwa sababu nzuri, tena za kweli, ndiyo maana zilinitosha kwa muda mrefu. Nilisikia kwamba Makori alijaribu kupata kazi kwa wachapaji wengine, wakasema ni fundi wa kuharibu mashine. Nilisikia, nikabadilisha mazungumzo.

Kisha mama yako akaugua kifua, na ugonjwa haukungoja mavuno. Siku zile za mwisho aliniuliza kama kwao wamepelekewa habari. Ningeweza kumwambia hapo, mdomo kwa sikio, hakuna ambaye angesikia. Nikamwambia alale apumzike. Nimejutia mambo mengi, lakini hayo mengine yote nayabeba, na hili ndilo linalonibeba mimi.

Makori alikuja mazishini. Alisimama na wanaume karibu na migomba, hakunywa hata maji kwetu. Ulipopita ukiwa na lile gauni jeusi la kuazima, alinyoosha mkono akuguse kichwa. Ukaruka pembeni, ukamshika shangazi yako sketi. Yeye akaurudisha mkono mfukoni. Wewe hukukosa, ulifanya kama ulivyofundishwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu vya kutosha kusema neno moja, nikatazama kaburi.

Utauliza kwa nini sasa. Ni kwa sababu yako. Mwezi uliopita ulitoka chumba cha giza umenuna, filamu mkononi, saa ya kupimia mwanga imekudanganya. Ukaniambia mimi baba yako, "Tata, ni Zakayo. Anaigusa nikienda kula." Zakayo wetu wa kupanga herufi, mzee wa watu ambaye hata redio yake anaogopa kuigusa. Nikakuuliza, "Umemwona?" Ukacheka. "Si lazima nimwone. Nani mwingine?"

Ulikuwa na sauti yangu. Si ya kufanana, yangu yenyewe. Nilikuacha nikaenda nje. Nilifikiri nimekurithisha mikono tu. Baadaye ulikuta springi ya ile saa imelegea, ukacheka tena, ukasahau. Zakayo hakujua hata kwamba alikuwa ameshtakiwa. Mimi sikusahau. Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, nilipokuambia naenda kuona mtu wa wino, nilikwenda Nyamira.

Nilimkuta Makori kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni. Amezeeka vibaya upande wa macho. Mke wake alinitambua kwanza, akaacha kuchuma.

"Shemeji," nikasema.

"Bado ninaitwa hivyo?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mafuta, mteremko, ngozi. Nikamwambia sikumwona. Nikamwambia nilijua kwamba sikumwona niliposema nimemwona. Vidole vyake viliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka nilipomaliza.

Hakuuliza habari za kazi wala jina lake kwa wachapaji. Aliuliza kitu kimoja.

"Dada yangu alijua?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nimezoea kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana. Alikufa akiamini ni wewe."

Akageuka akaenda chini shambani, katikati ya mistari, mpaka nikaona kofia tu. Mke wake alinitolea kigoda nje ya nyumba lakini hakunikaribisha ndani, na alikuwa na haki. Nikakaa. Jua likageuka. Nilifikiri nitaondoka bila neno, na kwamba hilo pia ni jibu.

Alirudi na kikapu kimejaa. Akakishusha, akakaa juu ya jiwe, akaniambia bila kuniangalia.

"Yule mtoto anaenda lini?"

"Jumatatu. Nairobi. Kazi ile ile ya kamera. Mimi nitampeleka."

"Hapana. Apitie hapa. Akae na sisi mpaka atujue. Halafu mimi nitampeleka mwenyewe." Kisha akaniangalia mara ya kwanza. "Wewe usikuje."

Nilirudi kwa Bwana Harilal siku ya pili nikamwambia naye. Siku hizi anaketi tu nyuma ya meza na kumwachia mwanawe kazi. Alinisikiliza akiwa ameshika miwani. "Mimi nauliza wewe ile siku," akasema. "Mimi nauliza kwa macho." Hakunifukuza, na ningependa angenifukuza.

Basi Kemunto, wewe ndiye utakayeamua. Kama hutaki kulala kwa watu ambao hujawahi kuwazoea, niambie asubuhi, nami nitabeba aibu hiyo mwenyewe na kukupeleka moja kwa moja. Lakini mimi ningependa uende. Huko kazini Nairobi vitu vitahama. Mashine nyingi utakazozikuta zimepitia mikono mingine kabla yako, kila moja na ugonjwa wake. Zifungue. Zitilie shaka, hazina dada wala mtoto wa kuumia. Na ikitokea umekosea kuhusu mtu, nenda siku hiyohiyo, hata ukiwa na unga mikononi. Sikufundishi kwa kuwa ninaweza. Nimeshindwa kufanya hivyo miaka yote hii, ndiyo maana najua bei yake.

Unaweza kunichukia. Nimelifikiria hilo na nimeona ni halali. Ninachoomba ni kwamba hasira yako isimguse mama yako. Alidanganywa na mtu aliyempenda, na alimwamini kwa sababu nzuri. Nilimnyang'anya kaka, nikakunyang'anya mjomba, kisha nikakaa nanyi mezani kama mtu aliyewaletea kitu.

Kila mtu hapa anajua kwamba ninakusindikiza. Nimeomba ruhusa kazini. Shangazi yako amenipigia pasi lile koti. Nilikuwa nimeshapanga jinsi tutakavyofika, nikuonyeshe lango la kiwanda, nimwambie yule mkubwa wao huyu ni binti yangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Nimekuwa nikiyasema maneno hayo peke yangu njiani tangu ulipopata nafasi. Yatasemwa na Makori, ambaye sikumwachia kazi hata ya kukanyaga kadi. Au hatasema chochote, atakushika tu mkono akuingize. Ni haki yake, mimi nilitumia yangu vibaya.

Kwa hiyo nitakupandisha basi hapa mjini na hapo hapo nitabaki. Ukishuka Nyamira utamwona barabarani, mtu mrefu, bega moja limeshuka kwa sababu ya kikapu. Atanyoosha mkono, au ataogopa kuunyoosha kwa sababu ya siku ile. Nenda wewe kwanza.

Akikuuliza habari zangu, mwambie kweli. Asipouliza, usinitaje.

Ni mimi baba yako,
Nyamweya